Nani Aliichagulia Grafu Yako Rangi?

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka ripoti ya uandikishaji wa wanafunzi kwenye kikao cha wilaya. Kwenye kompyuta yangu grafu ilikuwa na mistari minne, kila kata na rangi yake: nyekundu, kijani, bluu, chungwa. Nakala walizogawiwa wajumbe zilikuwa zimepita kwenye mashine ya fotokopi, na kata zote nne zimegeuka kijivu. Mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi akanyoosha kidole kwenye karatasi, akaniuliza: "Mwanangu, hii inayoshuka ni kata gani?"

Niliigeuza karatasi huku na huku, nikashindwa kumjibu. Hesabu zilikuwa sahihi, nilizirudia mara tatu. Rangi tu ndiyo sikuichagua. Niliiacha kama programu ilivyoitoa.

Tangu siku hiyo nimebishana na watu wengi kuhusu jambo hili: wahadhiri, wachambuzi, wahariri wa ripoti. Hapa nimezikusanya hoja zao katika sauti tatu. Mwalimu ni mtakwimu aliyezeekea darasani. Mchambuzi ni kijana ambaye siku yake huanzia na kuishia ndani ya programu za takwimu za R na Stata. Mhariri ni mama anayepokea ripoti za wengine na kuzifanya zisomeke. Hoja mezani ni hii: mchambuzi wa takwimu aiache sura ya grafu kama programu inavyoitoa.

MWALIMU: Naiunga mkono hoja, tena bila kusita. Nimesahihisha kazi za wanafunzi ambao walitumia siku mbili kutafuta bluu inayowapendeza na saa moja kukagua data. Umri wa miaka 998 umo ndani ya faili, hawajauona, lakini fonti wameibadilisha mara nne. Sura ya chaguo-msingi, yaani ile inayotolewa na programu yenyewe, inamwondolea mtu kishawishi hicho. Halafu tusiidharau, maana haikuokotwa. Chukua ggplot2 ya Hadley Wickham, ile ya R. Watu wanaulalamikia usuli wake wa kijivu, ila mwenyewe alieleza sababu: ukurasa wa maandishi, ukiutazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, una ukijivu wake. Grafu yenye usuli wa kijivu hutulia ndani ya ukurasa bila kuyarukia maneno, na gridi nyeupe humsaidia msomaji kukisia thamani bila kushindana na data. Hapo mtu alifikiri. Wewe unayeifuta kwa dakika moja, umefikiri nini?

MCHAMBUZI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Sema.

MCHAMBUZI: Nimeifikiria printa ya ofisini. Maelezo ya Wickham ni ya kitabu kilichopigwa chapa vizuri. Kwetu wino ukipungua, usuli ule wa kijivu unatoka na mabaka, na mistari myeupe ya gridi inakatikakatika. Nikiandika theme_bw nimemaliza: usuli mweupe, gridi hafifu, fremu nyeusi. Lakini nina hoja kubwa kuliko hiyo. Waliotengeneza sura hizo wenyewe wamezikimbia. Mwaka 2003 Stata 8 ilileta grafu mpya na skimu iliyoitwa s2color: kingo za samawati-kijivu, ufunguo wa rangi chini, namba za mhimili wa wima zimelazwa ubavu hadi msomaji ainamishe shingo. Tuliishi nayo miaka 20. Ilipokuja Stata 18 mwaka 2023, chaguo-msingi likawa stcolor: usuli mweupe, namba zimenyooka kama maandishi mengine, ufunguo umehamia kulia. R nayo, toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, ilizitupa rangi zake za zamani zilizokuwa zikichoma macho. Kama ilikuwa sawa, kwa nini waibadilishe?

MWALIMU: Kwa sababu ushahidi ulikuja, wakasahihisha. Huo ndio utaratibu ninaoutetea. Wanasahihisha wao, mara moja, kwa ajili ya watu wote. Wewe unataka kila ofisi iwe na fundi wake.

MCHAMBUZI: Na aliyekuwa akiinamisha shingo kwa miaka 20, angemngoja nani?

Hapa nitaingilia kidogo, kwa sababu Mchambuzi ana mfano mzito zaidi ya shingo.

Kwa miaka mingi programu ya MATLAB ilipaka ramani na picha za data kwa mfululizo wa rangi unaoitwa jet: unaanzia bluu iliyoiva, unapita samawati, kijani na njano, unaishia nyekundu iliyoiva. Matplotlib, maktaba ya Python aliyoianzisha John Hunter kwa kuiga MATLAB, ikaurithi. Unavutia sana. Kasoro yake ni kwamba mwanga wa rangi hizo haupandi pamoja na thamani. Unaanza na giza, unang'aa katikati, kisha unarudi gizani. Ukiutoa kwenye karatasi isiyo na rangi, thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa zote zinakuwa nyeusi-nyeusi. Hata kwenye kioo cha kompyuta, jicho huona mipaka mikali pale njano inapoanza, ingawa ndani ya data hakuna mpaka wowote. Mwaka 2011 Michelle Borkin na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi wa udaktari wa Harvard, waliopewa picha za mishipa ya moyo watafute sehemu zenye hatari. Waliotazama picha bapa yenye rangi zilizopangwa kwa kufuata jicho walikosea kidogo kuliko waliotazama picha ya pande tatu yenye rangi za upinde wa mvua. Mishipa ilikuwa ileile.

MATLAB iliiacha jet mwaka 2014. Matplotlib ikafuata Januari 2017 na toleo la 2.0, ikaleta viridis, iliyobuniwa na Nathaniel Smith na Stéfan van der Walt: kutoka zambarau iliyoiva hadi njano, mwanga ukipanda hatua kwa hatua. Viridis ikipita kwenye fotokopi, kidogo kinabaki cheusi na kikubwa kinabaki cheupe. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wa kikao.

MHARIRI: Jamani, mnazungumza rangi tu. Mimi ngoja niwaambie kinachonifikia mezani. Inaletwa grafu ya mikoa. Tanzania ina mikoa 31. Programu imeipanga kwa alfabeti, Arusha wa kwanza, kana kwamba msomaji anatafuta namba ya simu. Mapau yamesimama wima, kwa hiyo majina hayatoshi chini yake. Kilimanjaro, Mjini Magharibi na Kaskazini Unguja yameandikwa kimshazari, mengine yamepandana. Nikiyalaza mapau na kuyapanga kuanzia kubwa kwenda dogo, hapo kila jina lina mstari wake na mkoa unaonekana uko wa ngapi. Kiswahili chetu kina maneno marefu, Mwalimu. "Kaya zenye maji ya bomba ndani ya kiwanja" haikai kwenye nafasi iliyopimwa kwa maneno mawili ya Kiingereza. Kisha natazama mhimili, nakuta umeandikwa hv105. Nikiuliza, naambiwa ndiyo umri, ndivyo unavyoitwa kwenye faili la utafiti wa afya na watu. Msomaji wa Newala ataijulia wapi hv105? Na miezi imebaki March na May ndani ya ripoti ya Kiswahili, wakati sisi tuna Machi na Mei.

MWALIMU: Hayo nakubali, lakini hayo ni maandishi. Lebo si sura.

MHARIRI: Mwalimu, tazama khanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Huwezi kumwambia mnunuzi kwamba jina si sehemu ya khanga, kwa sababu wengi wanainunua kwa jina. Grafu ni hivyohivyo. Mihimili ndiyo pindo, data iko mjini, na kichwa ndicho jina. Programu inatoa pindo zuri, lakini jina haliwezi kulitunga, kwa kuwa haijui unataka kumwambia nani nini.

Mfano huo ninaupenda, nami ningeongeza kwamba hakuna mchapaji anayetia jina la khanga upande wa nyuma. Lakini grafu ngapi tumechapisha zikiwa na kichwa kinachosema tu "Kielelezo 4: Idadi ya watu kwa mwaka", na jambo lenyewe lililomfanya mtu aichore halijaandikwa popote?

MWALIMU: Sawa. Basi nami niwaonyeshe ninachokiogopa. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Chora mapau mawili, mhimili uanzie sifuri: pau la pili linalipita la kwanza kwa kiasi cha theluthi moja na kidogo. Sasa aje mrembaji wenu, aseme nafasi ya chini inapotea bure, auanzishe mhimili kwenye milioni 40. Pau la kwanza linabaki na urefu wa milioni 4.9, la pili milioni 21.7. Macho yanaona taifa limeongezeka zaidi ya mara nne ndani ya miaka kumi. Hakuna namba iliyoguswa. Aliyefanya hivyo atakwambia amebadilisha mwonekano tu. Kwa hiyo nasema, mlango wa kubadilisha sura ukishakuwa wazi, hamjui ataingia nani.

MCHAMBUZI: Hilo silitetei, Mwalimu. Pau husomwa kwa urefu, na urefu usioanzia sifuri ni uongo. Mimi nabadilisha nguo, sigusi mwili.

MWALIMU: Na mpaka wa nguo na mwili uko wapi?

Swali hili ndilo lililowanyamazisha wote niliopata kubishana nao, na naona ndilo moyo wa mjadala. Pau lazima lianzie sifuri, hapo hatuna ugomvi. Lakini grafu ya mstari haina sheria hiyo. Joto la mwili wa mgonjwa likichorwa kuanzia sifuri, homa haionekani. Programu nyingi huuanzisha mhimili wa grafu ya mstari karibu na thamani ndogo iliyomo kwenye data. Hilo nalo ni chaguo-msingi, nalo hubadilisha ujumbe. Hata umbo la fremu hubadilisha. William Cleveland na wenzake, katika kazi zao za miaka ya 1980, walionyesha kwamba jicho hulinganisha miinuko vizuri zaidi mistari inapokaribia nyuzi 45. Ivute grafu iwe pana, na kupanda kwa bei kunaonekana mwinuko wa kawaida. Ibane iwe nyembamba, bei ileile inakuwa ukuta. Anayeacha fremu kama ilivyotolewa ameshachagua kimojawapo, ajue asijue.

Ndiyo maana siwezi kuiunga mkono hoja ya Mwalimu, pamoja na heshima yangu yote kwake. Inadhani kuna grafu isiyo na mtu nyuma yake. Kingo za samawati za Stata zilichaguliwa na watu walioketi Texas. Walimkadiria msomaji wao, wakampa kinachomfaa. Mzee mwenye miwani ya uzi hakuwa katika makadirio yale, na hawakumkosea. Aliyekuwa na wajibu wa kumfikiria ni mimi, niliyejua kwamba karatasi itapita kwenye fotokopi.

MHARIRI: Kuna jambo jingine ambalo watu wa Texas hawawezi kulijua. Niliwahi kuletewa grafu ya miradi ya maji. Miradi iliyokamilika imepakwa kijani, inayoendelea njano. Mchoraji hakuwa na nia yoyote, ila nani hapa nchini ataona kijani na njano zimekaa bega kwa bega asikifikirie chama cha CCM? Ripoti ya kitaalamu ingeanza kusomwa kama kipeperushi. Tukaweka bluu moja, iliyoiva kwa iliyokamilika na hafifu kwa inayoendelea.

MWALIMU: Hiyo ni busara, mama. Lakini bado nina Edward Tufte upande wangu. Tangu 1983 anatuambia wino uende kwenye data, urembo utupwe. Mkianza kuongeza, mtaishia wapi?

MCHAMBUZI: Mwalimu, Tufte ni wa kwetu! Huwezi kumfuata Tufte bila kubadilisha chaguo-msingi. Kufuta gridi nzito, kuondoa fremu, kuhamisha majina kutoka kwenye ufunguo hadi mwisho wa mstari wenyewe, yote hayo ni kubadilisha sura.

MHARIRI: Hata huyo Tufte sikubaliani naye mpaka mwisho. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walilinganisha chati zilizopambwa na zile tupu. Waliozisoma zilizopambwa hawakukosea zaidi, na baada ya wiki mbili tatu walizikumbuka vizuri zaidi. Mtazameni pia W. E. B. Du Bois. Kwa Maonyesho ya Paris ya 1900 yeye na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walichora kwa mkono chati zipatazo 60 kuhusu maisha ya Wamarekani weusi: idadi yao, ardhi yao, kusoma na kuandika. Nyekundu iliyoiva, njano, kijani, nyeusi. Kuna pau lililozungushwa kama kamba kwa sababu lilikuwa refu kupita karatasi. Tufte angeliona pau lile angekunja uso. Lakini Du Bois alikuwa na ukumbi uliojaa wapita njia waliolishwa dharau juu ya watu weusi, na alitaka wasimame. Aliyechora hivyo alikuwa mtu wa takwimu kwelikweli.

MWALIMU: Du Bois alichora kwa mkono, chati moja moja, akijua kila rangi imewekwa kwa nini. Sina tatizo naye. Tatizo langu ni kijana anayebofya.

MCHAMBUZI: Hapo tunakutana. Mimi mwenyewe sibofyi. Nilikuwa nikitengeneza grafu kwenye Stata, kisha naingia kwenye kihariri cha grafu na kipanya: huku nasogeza ufunguo, kule nanenepesha mstari. Siku mbili baadaye data inasahihishwa, grafu inachorwa upya, na kazi yote ya kipanya imepotea. Grafu ya tatu hailingani na ya kwanza kwa sababu mkono haukumbuki. Siku hizi sura ninaiandika. Kwenye Stata ni faili la skimu. Kwenye R ni mandhari moja inayowekwa kwa theme_set mwanzoni mwa kazi. Kwenye matplotlib ni faili la mtindo. Mistari kumi, kumi na tano. Ofisi nzima inalitumia faili moja, na kila rangi ina maelezo yake pembeni kwa nini imewekwa. Akija mtu akasema nyekundu na kijani haziachani kwa macho yake, na wapo wanaume wengi wenye macho hayo, tunabadilisha mahali pamoja. Tunazichukua rangi nane walizozipanga Masataka Okabe na Kei Ito wa Japani kwa ajili ya watu hao hasa. R inazo ndani yake tangu 2020. Grafu zote za ripoti zinabadilika kwa pamoja.

MWALIMU: Na mhimili?

MCHAMBUZI: Mhimili haumo kwenye faili hilo. Unaandikwa ndani ya kila grafu, wazi, ili anayekagua auone.

MWALIMU: Basi hilo ni chaguo-msingi, mwanangu. Umelitengeneza la kwenu.

MCHAMBUZI: Ndiyo, Mwalimu. La kwetu.

Mwalimu hakuniambia kama ameiondoa hoja yake, nami sikumuuliza. Alitaka kuona. Nikaitoa ile grafu ya zamani ya uandikishaji, data ninayo bado, nikaichora upya mbele yao. Nikauondoa ufunguo. Kata tatu nikazipa kijivu hafifu na mstari mwembamba, ya nne nikaipa nyeusi na mstari mnene. Majina ya kata nikayaandika mwisho wa kila mstari, upande wa kulia, na juu nikaandika kichwa kinachotaja kata hiyo na darasa lililopungua. Tukaichapa, tukaipitisha kwenye fotokopi, kisha nakala ikatolewa nakala, mara tatu, mpaka karatasi ikaanza kuwa na vumbi la wino pembeni.

Mwalimu akaisogeza karatasi mbali na uso kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaufuata mstari mweusi kwa ukucha hadi kwenye jina.

"Sasa," akauliza, "kwa nini inashuka?"